Mashine Kuukuu Si Skrepa

Iko kasumba moja iliyojikita vichwani mwa baadhi ya watu waliokabidhiwa dhamana ya kutunza mali ya umma, nayo ni ile ya kuamini kwamba mashine isiyo na kompyuta haifai kitu. Mwenye kasumba hii akiingia katika karakana ya shule au ya idara, akakuta lethi ya mkono iliyosimama pale kwa miaka arobaini, haulizi kama kitanda chake kimenyooka wala kama beringi zake ni nzima. Huuliza kama ina kioo na vitufe. Akiambiwa kuwa haina, huandika neno moja tu katika daftari: chakavu. Baada ya neno hilo mashine hungoja mnada, na baada ya mnada hungoja tanuri.

Kwa hakika hii si kasumba ndogo, kwa sababu huzaa hasara mbili kwa mpigo mmoja. Kwanza hupoteza chuma kizuri ambacho kingeweza kufanya kazi kwa miaka mingine mingi. Pili huzaa hati ya kuagiza mashine mpya kutoka ng'ambo, yenye bei ambayo mara nyingi hailipiki. Fedha zikikosekana, karakana hubaki tupu: ya zamani imekwenda na mpya haijafika. Wahenga walikwisha kuonya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini inaonekana baadhi ya wakubwa wa maofisi wanauona msala tu, wala hawajui kwamba mbacha walioukalia ndio unaowasitiri.

Yafaa ieleweke wazi mashine hizi ni kitu gani. Katika lethi, kipande cha chuma huzungushwa, na kisu hukisogelea kwa njia mbili: kwa urefu wa kitanda na kwa upana wake. Katika mashine ya milingi, kisu ndicho kinachozunguka, na meza yenye kipande cha chuma husogezwa kwa njia tatu: kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Mwendo huo wote hutoka katika magurudumu madogo ya mkono, na kila gurudumu huzungusha skrubu ndefu ambayo husukuma meza au kisu. Hiyo ndiyo siri yote. Mashine yenye kompyuta hukata chuma kwa kisu kile kile, juu ya kitanda cha namna ile ile, kwa skrubu inayofanya kazi ile ile. Tofauti ni nani anayezungusha gurudumu. Kompyuta haikati chuma. Huamuru tu mota izunguke kiasi gani, kwa kasi gani, na lini.

Basi kama tofauti ni hiyo, ni kwa nini mashine nzima itupwe kwa ajili ya gurudumu?

Wanaobeza kazi ya kubadili mashine za mkono kuwa za kompyuta hufaa wakumbushwe historia ya jambo lenyewe. Katika miaka ya 1940, huko Traverse City katika jimbo la Michigan, Marekani, John T. Parsons alikuwa na karakana iliyotengeneza mapanga ya helikopta. Umbo la panga lilikuwa la mkunjo mgumu, na njia yake ilikuwa kupiga hesabu ya nukta nyingi kwenye mkunjo huo, kisha mtu mmoja asome namba kwa sauti, na wengine wawili wazungushe magurudumu ya mashine kufuata namba hizo, kila mmoja kwa upande wake. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa wazo la kuiacha mashine isome namba yenyewe. Jeshi la Anga la Marekani likatoa fedha mwaka 1949, na wataalamu wa chuo cha MIT wakaonyesha mashine iliyokamilika mwaka 1952. Je, walijenga mashine mpya tangu msingi? Hapana. Walichukua mashine ya milingi ya kampuni ya Cincinnati iliyokuwapo tayari, wakaiondolea viungo vya kuendeshea kwa mkono, wakaifungia mota na makabati ya mitambo ya umeme. Kwa maneno mengine, mashine ya kwanza duniani ya namna hii ilikuwa mashine kuukuu iliyobadilishwa. Anayesema kwamba kubadili ni kazi ya kubahatisha anakana chimbuko la kile kile anachokisujudia.

Kilichohitaji makabati mazima mwaka 1952 leo hutosha katika kisanduku cha kubebwa mkononi. Ndiyo maana kazi hii imetoka katika maabara na kuingia katika karakana za nyumbani. Nchini Marekani na Uingereza wako mafundi wengi wanaonunua milingi za zamani za Bridgeport, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1938, au lethi ndogo za Myford, wakazibadili katika banda la nyuma ya nyumba. Si matajiri wala si maprofesa. Ni watu wenye subira, waliojifunza kidogo kidogo na kupeana maarifa bila kutozana.

Kazi yenyewe ina mpangilio wake. Kwanza mashine husafishwa, hupimwa na hurekebishwa ikiwa bado ya mkono, kwa maana kompyuta haiponyi ugonjwa wa chuma. Kisha gurudumu la mkono huondolewa, na mahali pake hufungwa mota ya hatua. Mota hii haizunguki ovyo kama ya feni; husogea hatua moja kwa kila mpigo wa umeme inaoletewa, na zile za kawaida huwa na hatua 200 katika mzunguko mmoja. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake swali hili hili: ikiwa skrubu husogeza meza milimita 5 kwa mzunguko mmoja, hatua moja itaisogeza kiasi gani? Jibu ni milimita 0.025. Na kidhibiti cha mota kikigawa kila hatua mara nane, mzunguko utakuwa na mipigo 1,600, na kila mpigo utakuwa sawa na milimita 0.003125. Hayo ni mahesabu ya karatasi, na fundi hujua kwamba chuma hakitii karatasi daima. Hata hivyo yanaonyesha kwamba usahihi si muujiza wa kampuni fulani ya ng'ambo. Ni kugawanya na kuzidisha.

Panapohitaji gharama zaidi ni kwenye skrubu. Skrubu ya kawaida ya mashine ya mkono huwa na ulegevu kati yake na nati. Fundi akigeuza gurudumu upande wa pili, huzunguka kidogo kabla meza haijasogea. Mkono wa fundi hodari hujua ulegevu huo na huufidia bila hata kufikiri. Kompyuta inaweza kuelezwa kiasi cha ulegevu ikakifidia kwa hesabu, lakini kisu kikivuta chuma, meza huruka ndani ya ulegevu huo na hesabu ikaharibika. Dawa yake ni skrubu ya gololi, ambayo nati yake imejaa gololi za chuma zinazobingirika badala ya kusuguana. Ulegevu hupungua sana, na mota hufanya kazi kwa wepesi. Lakini wepesi huo nao una deni lake: umeme ukikatika, skrubu ya gololi haishikilii meza kama ile ya zamani, na mzigo waweza kuishusha yenyewe. Kwa hiyo palipo na uzito wa kushuka hapana budi kuwe na breki au uzito wa kusawazisha.

Programu ya kuendesha mashine nayo si kitu cha kununuliwa kwa dhahabu. Miaka ya 1990 taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, ilitengeneza programu ya kudhibiti mashine na kuiacha mikononi mwa umma. Wananchi wa nchi mbalimbali waliichukua na kuiendeleza, na leo hujulikana kwa jina la LinuxCNC, bila malipo. Kwa miaka mingi imeendesha mashine kutoka kwenye kompyuta za kawaida kwa kutumia tundu la printa la namna ya zamani. Kwa kazi ndogo ndogo iko programu nyingine iitwayo Grbl, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway, ambayo hukaa katika kibao cha Arduino kinachoenea kiganjani. Hapa ndipo kichekesho kinapogeuka kilio. Katika ofisi moja na ile ile, daftari la mali linaweza kuonyesha lethi iliyoandikwa chakavu kwa sababu haina kompyuta, na katika ukurasa wa pili kompyuta iliyoandikwa chakavu kwa sababu ina tundu la printa la zamani. Vitu viwili vilivyokuwa vikitafutana hupelekwa mnadani kwa siku mbili tofauti.

Wako watakaosema kwamba nyumbani hakuna umeme wa fezi tatu ambao mashine kubwa huutaka. Hoja hii ilikuwa na uzito zamani. Siku hizi kipo kifaa cha kubadili masafa ya umeme, ambacho hupokea fezi moja na kutoa fezi tatu, na juu ya hayo humwezesha fundi kuongeza na kupunguza kasi ya mota bila kubadili mikanda. Fundi wa Gerezani au wa Mwanjelwa anayefanya kazi katika banda lenye umeme wa kawaida hana tena sababu ya kuikimbia mashine ya kiwandani kwa ajili ya waya, mradi mota iwe ya kiasi na iunganishwe ipasavyo.

Wengine hudai kwamba mashine ya kompyuta itamnyang'anya fundi kazi. Dai hili lisidharauliwe, kwa maana lina historia nyuma yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya General Electric ilijaribu njia nyingine: fundi achonge kipande cha kwanza kwa mkono wake, mashine iyanase mienendo yake katika utepe wa sumaku, kisha iirudie yenyewe. Katika njia hiyo ustadi wa fundi ndio uliokuwa programu. Mwanahistoria David F. Noble, katika kitabu alichokitoa mwaka 1984, alieleza jinsi njia hiyo ilivyoachwa na ile ya namba ikapendelewa, na akahoji kwamba mojawapo ya sababu ilikuwa tamaa ya wenye viwanda kuutoa uamuzi katika mkono wa fundi na kuupeleka ofisini kwa msimamizi. Kwa hiyo hofu ya mfanyakazi haikuwa ndoto.

Lakini hoja hiyo hiyo, ikipimwa vizuri, inaunga mkono karakana ya nyumbani wala haiipingi. Mahali ambapo fundi mwenyewe ameifunga mota, ameandika programu, na ndiye anayesimama mbele ya kisu, nani amenyang'anywa? Kichwa na mkono vilivyotenganishwa kiwandani hukutana tena. Fundi aliyezoea kukata uzi wa skrubu kwa kubadili gia baada ya gia, sasa hufunga kifaa cha kuhesabu mizunguko ya kipande, na kompyuta huilinganisha safari ya kisu na mizunguko hiyo. Uzi wowote hupatikana bila gia ya ziada. Maarifa yake ya uzi hayakupotea. Bila hayo asingejua aiambie nini kompyuta.

Hatari ya kweli ya kunyang'anywa iko upande mwingine, kwa wale wanaodhani kwamba ukinunua mashine mpya umenunua uhuru. Baadhi ya mashine za kisasa huwekewa kifaa kinachotambua kwamba zimehamishwa, nazo hujifunga mpaka mwakilishi wa kiwanda azifungue. Mwenye mashine anaweza kuwa amelipa kila senti, lakini akiisogeza kutoka chumba kimoja hadi kingine, hana ruhusa ya kuiwasha. Kidhibiti kikiharibika, hana mchoro wa kukitengeneza. Huo ni umiliki wa namna gani? Nguo ya kuazima haisitiri, hata kama aliyeazima amelipa.

Na yeyote anayefikiri kwamba mambo haya ni michezo ya mafundi, akumbuke kisa cha mwaka 1987. Ilipofichuka kwamba kampuni ya Toshiba Machine ya Japani iliuzia Urusi ya Kisovieti mashine kubwa za milingi, zenye vidhibiti vya kampuni ya Kongsberg ya Norway, za kuchongea mapanga ya nyambizi, ghadhabu ilipanda Marekani hata wabunge wakatoka nje ya Bunge lao na kuvunja redio ya Toshiba kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Mataifa makubwa hayagombani hivyo kwa ajili ya vitu vya kuchezea. Wanajua kwamba anayeweza kuamuru chuma kichukue umbo analotaka anaweza kujitengenezea karibu kila kitu kingine.

Tanzania nayo iliwahi kulielewa jambo hilo. Wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya mwaka 1970 na 1975, Wachina walijenga karakana kubwa Mang'ula, mkoani Morogoro, ambayo baadaye ikawa kiwanda cha mashine. Miaka ya 1980, kwa msaada wa Bulgaria, kilijengwa kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools huko Hai, kwa nia ya kutengeneza mashine za kutengenezea mashine. Shirika la SIDO lilikwisha kuundwa mwaka 1973 ili kuviinua viwanda vidogo. Shule za ufundi za Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma, Iyunga na Bwiru ziliwalea vijana waliojua kushika tupa na kusoma maikromita. Viwanda vile havikufikia matumaini yaliyowekwa juu yake, na hilo lina sababu nyingi. Lakini wazo lililokuwa ndani yake halikuwa kosa: taifa lisilotengeneza zana zake hutengenezewa pia maamuzi yake.

Haifai, hata hivyo, kuusifu ubadilishaji wa mashine kama dawa ya kila maradhi. Lethi ambayo kitanda chake kimelika karibu na kichwa, kwa sababu kazi nyingi hufanywa hapo, itachonga vipande vilivyopinda hata ikifungiwa kompyuta ya thamani. Mota ya hatua ikizidiwa na mzigo hupoteza hatua bila kumwambia mtu, na kipande huharibika huku kioo kikionyesha kwamba yote ni salama. Mashine iliyobadilishwa nyumbani haitashindana na ile ya kiwanda kikubwa inayobadili visu yenyewe na kufanya kazi usiku kucha. Tena ina hatari isiyokuwapo katika ile ya mkono: inaweza kuanza kusogea wakati mtu ameingiza mkono. Asiyefunga swichi za kikomo, kitufe cha kuzimia ghafla na kinga ya vipande vya chuma vinavyoruka, hajabadili mashine, ametega mtego. Wenye kuihubiri kazi hii bila kuyasema haya wanaifanyia hujuma.

Lakini kasoro hizo zote zinapimika, na kinachopimika hutengenezeka. Haziwezi kuwa kisingizio cha kuacha. Isitoshe, mwanafunzi anayebadili mashine hujifunza yale ambayo anayebonyeza vitufe vya mashine mpya hajifunzi kamwe. Jiometri ya nukta na mhimili, aliyoiona ubaoni kama adhabu, huikuta ikikata chuma. Akiandika katika programu G1 X40 F100, anajua kwamba ameamuru kisu kiende kwa mstari ulionyooka mpaka milimita 40, kwa mwendo wa milimita 100 kwa dakika, na akikosea alama moja ataona kosa lake kwa macho. Fizikia ya nguvu, umeme wa mota, uchoraji wa kiufundi na lugha ya kompyuta hukutana juu ya meza moja. Ni darasa gani lingine linalotoa hayo yote kwa gharama ya mashine iliyokuwa ikingoja kutupwa?

Kutokana na hayo yote, wajibu wa kila upande uko wazi. Mtumishi wa serikali anayetia sahihi hati ya kufuta mali asitie sahihi hiyo kwa lethi au milingi kabla fundi hajapima kitanda, beringi na skrubu zake, na kuandika alichokipima. Neno chakavu liwe matokeo ya kipimo, lisiwe matokeo ya kukinai. Mashine ambayo mwili wake ni mzima ipewe chuo au shule ya ufundi kabla ya kupelekwa mnadani, pamoja na kompyuta za zamani zinazotoka maofisini. Anayeandaa mpango wa kununua mashine mpya aulizwe kwanza: nani ataitengeneza ikiharibika, na je, inaweza kuhamishwa bila kuomba ruhusa ya mtu aliye ng'ambo?

Mwalimu wa ufundi, kwa upande wake, asingoje mashine mpya ili aanze kufundisha udhibiti wa kompyuta. Aanze na mota moja, kibao kimoja na skrubu moja juu ya meza, kisha ahamie kwenye mashine. Ashirikiane na mwalimu wa hisabati na wa fizikia badala ya kila mmoja kujifungia katika chumba chake. Na fundi wa mtaani anayejaribu kazi hii katika banda lake asitazamwe kama mtu wa kuunga-unga. Aalikwe chuoni aonyeshe alichokifanya, akosolewe kwa haki, na apewe kipimo kizuri pale ambapo hana.

Wale wanaoendelea kungoja shehena ya mashine mpya ndipo waanze kazi watangoja sana. Chuma kizuri kimo humu nchini, kimesimama katika pembe za karakana kikishika kutu, nacho hakihitaji zaidi ya watu wenye akili ya kukipima na moyo wa kukishika. Kukiuza kwa kilo ni kuuza kazi ya kesho kwa bei ya kutu ya leo, na mwenye kalamu ya kuruhusu au kuzuia biashara hiyo ni mtumishi wa umma.